MTOTO MGONJWA NA FOLENI NDEFU: TUSUBIRI AU TUHAME?

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo akina mama hulisema wakiwa benchini, nalo mara nyingi huishia hapohapo benchini: kungoja. Mama wa kitongoji cha mbali katika Tarafa ya Mwimbi anaondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Mwezi wa Juni au Julai baridi ya Ufipa inauma, mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga mbili. Anafika saa moja asubuhi, anakuta wenzake thelathini wamemtangulia. Saa nane mchana ndipo anaingia kwa tabibu, na dakika tano baadaye yuko nje na karatasi ya dawa. Njiani kurudi anajiuliza: kwa nini nisimpeleke kwingine? Matai? Sumbawanga mjini? Zahanati ya watu binafsi? Au ninunue tu dawa dukani?

Swali hilo ni la haki kabisa, wala si ukosefu wa subira. Ila ndani yake yamo maswali mawili, na wazazi wengi huyachanganya. La kwanza ni hili: je, mtoto huyu, leo, anaweza kungoja? La pili: je, mahali hapa panamfaa mtoto wangu kwa siku zote? La kwanza hujibiwa mlangoni, kwa dakika chache, kwa kumtazama mtoto. La pili hujibiwa nyumbani, mtoto akiwa amepona na hasira za mzazi zimetulia. Mzazi anayejibu la pili wakati wa la kwanza hujikuta barabarani na mtoto mahututi, akitoka kituo chenye watu kwenda kingine asichokijua.

MTOTO ASIYEPASWA KUPANGA FOLENI

Foleni ya hospitali si kama foleni ya mashine ya kusaga. Kwenye mashine, aliyetangulia kufika hutangulia kusagiwa, na hiyo ndiyo haki. Kwa watoto wagonjwa haki ni nyingine: anayetangulia ni yule ambaye maisha yake yamo hatarini, hata kama amefika wa mwisho.

Zipo dalili nne ambazo kila baba na mama anapaswa kuzijua kwa moyo. Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya. Mtoto anatapika kila kitu anachopewa. Mtoto amepatwa na degedege katika ugonjwa huu, hata kama imekwisha kupita. Mtoto amelegea mno, analala tu, haamki vizuri au hajitambui. Ukiona hata moja kati ya hizo, usikae benchini. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi.

Kuna pia kupumua. Hili tulikazie, kwa sababu kwenye nyanda za juu zenye baridi kama zetu, ambako mtoto mara nyingi hulala karibu na moshi wa jiko, nimonia, au kichomi kama wengi wanavyoita, ni adui wa kila mwaka. Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, wala si wakati analia. Chukua saa ya mkononi au ya simu, uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, maana watoto wadogo hupumua kwa vipindi visivyo sawa. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka mno. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, kiwango ni 50. Wa mwaka 1 hadi 5 ni 40. Tazama vilevile sehemu ya chini ya kifua: ikizama ndani kila anapovuta hewa, au ukisikia mkoromo wakati ametulia, huyo hapaswi kungoja. Na midomo au ulimi ukigeuka rangi ya bluu, piga kelele uitiwe msaada, bila kumwonea mtu haya.

Wengine wa kupewa nafasi mapema ni hawa: mtoto wa chini ya miezi 2 kwa ugonjwa wowote ule, mwenye homa kali sana, mwenye viganja vyeupe visivyo na damu (linganisha na kiganja chako mwenyewe), aliyekonda mno au aliyevimba miguu yote miwili, aliyeungua, aliyekunywa mafuta ya taa au dawa ya mifugo, aliyeumia vibaya, na aliyeletwa kwa barua ya rufaa. Mtoto anayeharisha ambaye macho yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, naye ni wa kuharakishwa.

Je, kuchagua watoto namna hiyo kunaleta tofauti yoyote? Tuwaangalie jirani zetu wa Malawi. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, mnamo mwaka 2001, idara ya watoto ilibadili utaratibu wake. Kabla ya hapo mtoto mahututi aliweza kungoja pamoja na wenye mafua. Wakaweka watumishi waliofundishwa kumtazama kila mtoto mara tu anapofika, na wakaweka mahali pa kuanzia matibabu ya dharura papo hapo. Kabla ya mabadiliko hayo, kati ya kila watoto 100 waliolazwa walikufa 10 hadi 18. Baadaye idadi ilishuka ikawa 6 hadi 8. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kupanga upya njia anayopita mtoto tangu mlangoni.

Kwa hiyo, hata kama kituo chenu hakina mtu wa kupita benchini na kutazama watoto, mzazi mwenyewe anaweza kuianza kazi hiyo. Tatizo ni kwamba mama zetu wamelelewa kwa adabu. Huona aibu kuwapita wenzao. Basi jifunze maneno machache. Usiseme tu, "Mtoto anaumwa sana," maana kila mama atasema hivyo. Taja dalili: "Samahani dada muuguzi, mtoto wangu ana miezi saba, nimemhesabia pumzi 62 kwa dakika, na tangu usiku hanyonyi." Muuguzi aliyefundishwa akisikia hesabu na dalili huinua kichwa. Na ninyi mlio benchini, mkimwona mwenzenu ana mtoto aliyelegea, msimwambie, "Panga foleni kama sisi." Mwinueni mumpeleke mbele.

FOLENI INATOKA WAPI?

Kabla ya kulaumu, tupige hesabu. Tuseme kituo kina tabibu mmoja zamu ya asubuhi, na watoto wagonjwa ni 40. Akimpa kila mtoto dakika 10, zinahitajika dakika 400, yaani karibu saa 7 bila kunyanyuka. Kama wote 40 walifika saa moja, wa mwisho ataingia karibu saa nane mchana, hata kama tabibu ni mtu mwema asiyepoteza dakika. Katikati hapo akiletwa mama mjamzito mwenye uchungu, foleni inasimama kabisa. Kuna foleni za uzembe, ndiyo, na tutazifikia. Lakini foleni nyingi zinatokana na watu wengi kufika saa ileile mbele ya mtumishi mmoja.

Kuna na jambo la chanjo ambalo huwaudhi akina mama: "Nilikwenda Jumatatu, nikaambiwa nirudi Alhamisi!" Chanjo ya surua huja kama unga katika chupa ndogo, kwa kawaida dozi 10 kwa chupa. Ikishachanganywa na maji yake, haiwezi kutumika baada ya saa 6. Kinachobaki humwagwa. Chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga nayo iko hivyohivyo, na chupa yake ina dozi nyingi zaidi. Ndiyo sababu vituo vingi huchagua siku maalumu za kukusanya watoto. Ni vizuri uulize siku hizo mapema, uziandike pembeni mwa kadi. Hata hivyo mama aliyetembea saa tatu na mtoto aliyepitwa na chanjo anastahili kusikilizwa. Mwombe muuguzi aangalie kama kuna namna ya kumhudumia siku hiyo, kwa sababu mtoto akirudishwa leo huenda asiletwe tena mpaka mavuno yaishe.

Jambo la tatu ni zuri, ingawa linarefusha foleni: uchunguzi kamili. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na Unicef walitayarisha mwongozo unaomtaka tabibu amtazame mtoto mgonjwa mzima, siyo homa tu. Aulize juu ya kikohozi, kuharisha, homa na masikio, apime uzito, atazame viganja, asome kadi ya chanjo, amweleze mama namna ya kulisha na kutoa dawa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuutumia. Ulipofuatiliwa katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, na kulinganishwa na Kilombero na Ulanga ambako ulikuwa haujaanza, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilionekana kuwa pungufu kwa asilimia 13 kule ulikotumika. Tabibu anayeufuata mwongozo huo sawasawa hawezi kumaliza mtoto kwa dakika mbili. Kwa hiyo kituo chenye foleni fupi huenda ni kizuri, na huenda ni kituo ambacho mtoto hafunuliwi hata shati.

Wengine husema, "Tunamtaka daktari bingwa wa watoto." Ni tamaa njema, lakini mabingwa hao katika nchi yetu ni wachache na hupatikana zaidi katika hospitali za rufaa. Kwa malaria, kuharisha, nimonia ya kawaida na masikio, tabibu wa zahanati au kituo cha afya aliyefundishwa anatosha. Bingwa ni kwa mtoto ambaye ugonjwa wake hauelekei kupona, kwa mfano mwenye moyo mbovu, kifafa au selimundu. Huyo aende kwa barua ya rufaa, siyo kwa kubahatisha.

MKIWA MNANGOJA

Nenda na kadi ya kliniki. Nenda na kila dawa uliyokwisha kumpa, ya dukani na ya miti shamba pia, wala usiifiche. Tabibu asipojua anaweza kuirudia ileile. Beba maji yaliyochemshwa, kikombe safi, na uji katika chupa ya chai. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida.

Anayeharisha asingoje kumwona tabibu ndipo anywe. Omba pakiti ya ORS mara tu unapofika, uikoroge yote katika lita 1 ya maji safi. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, kidogokidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Vidonge vya zinki atakavyoandikiwa amalize siku zote alizoambiwa, hata kama tumbo limefunga siku ya pili.

Mwenye homa na vipele mwilini, au aliye karibu na mtu mwenye kifua kikuu, mzazi amwambie muuguzi mapema ili akae pembeni penye hewa. Surua huambukiza benchi zima. Na usisahau: mtoto aliyekuwa na hali nzuri saa moja asubuhi anaweza kuwa amebadilika saa tano. Mtazame tena, mhesabie pumzi tena. Akibadilika, inuka.

KUHAMA KWA KUKOSEA NA KUHAMA KWA HAKI

Uhamaji ulio wa kawaida kuliko wote huku kwetu si wa kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Ni wa kutoka benchini kwenda dukani. Mama amechoka, anapita duka la dawa muhimu, anaeleza homa, anapewa dawa ya malaria bila kipimo. Maduka hayo yana kazi yake njema. Lakini muuza dawa hawezi kusikiliza kifua cha mtoto. Mtoto mwenye nimonia akimeza dawa ya malaria, homa inaweza kushuka kwa sababu ya dawa ya maumivu aliyopewa pamoja nayo, wazazi wakafurahi, na ugonjwa ukaendelea kifuani. Siku ya tatu analetwa hospitali akiwa hoi, na mtumishi anasemwa kwamba "amemwua".

Baya zaidi ni kwenda kwa wanaokata kimeo mtoto akikohoa, au wanaong'oa yale wanayoita meno ya plastiki mtoto akiharisha na kuwa na homa. Hakuna meno ya plastiki. Kinachong'olewa ni meno halisi yaliyo bado ndani ya ufizi, kwa chombo kichafu, na mtoto anaongezewa damu kutoka, maambukizi na pepopunda juu ya ugonjwa aliokuwa nao.

Basi ni lini kuhama ni haki? Siyo kwa sababu ya siku moja mbaya. Tazama mara tatu au nne. Kama kila mara mtoto hapimwi joto wala uzito, hafunuliwi, hagusiwi, na dawa inaandikwa kabla hujamaliza kueleza, hiyo ni sababu. Kama umetaja dalili ya hatari na ukarudishwa benchini, hiyo ni sababu kubwa. Kudaiwa fedha bila stakabadhi, kutukanwa, kukuta chumba kimefungwa saa za kazi bila maelezo, hizo pia ni sababu. Kungoja saa nne na kisha kuchunguzwa vizuri, kwa maoni yangu, si sababu ya kutosha kwa familia inayokaa mbali na kituo kingine. Kwa familia yenye vituo viwili karibu, huenda ikawa.

Kabla ya kuondoka, sema. Mwone mganga mfawidhi, si wakati foleni imejaa bali mchana watu wakipungua, umweleze siku na jambo lenyewe. Vituo vya umma vina kamati ambazo ndani yake wamo wananchi. Ulizeni ni nani anayewakilisha kijiji chenu, mumpe hoja kwa pamoja. Mambo yakishindikana, yupo Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye kwa wilaya ya Kalambo, iliyoanzishwa mwaka 2012, ofisi zake ziko Matai. Ombi ambalo halihitaji fedha nyingi ni lile la Blantyre: mtumishi mmoja apite benchini kila asubuhi na kila baada ya saa moja, atazame watoto. Ombi jingine ni kwamba wanaokuja kupima uzito tu wapangiwe saa yao, wasichanganywe na wagonjwa. Wanakijiji wanaodai mambo mawili kama hayo husikilizwa haraka kuliko wanaolalamika kwa jumla kwamba "huduma ni mbaya".

Mkiamua kuhama, piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, tena ya wakati wa masika, siyo ya kiangazi. Barabara ya vumbi inayopitika mwezi wa Septemba inaweza kuwa tope tupu mwezi wa Februari. Uliza malipo pia: utaratibu wa kuchangia matibabu ulioanza miaka ya 1990 uliwasamehe watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya Serikali, lakini zahanati ya mtu binafsi hutoza, na za mashirika ya dini hutegemea makubaliano yake na Serikali. Nenda mara ya kwanza kwa jambo dogo, kama kupima uzito, uone wanavyomshika mtoto.

Usihame katikati ya dozi. Mtoto aliyeanza dawa ya malaria, ile ya mara sita kwa siku tatu, aimalize, na siku aliyoambiwa arudi arudi palepale, maana aliyemwona mwanzo ndiye anayeweza kusema kama anaendelea vizuri. Hali ikiwa mbaya kabla ya siku hiyo, nenda kituo cha karibu chochote. Mtoto aliye kwenye dawa za kifua kikuu, dawa za kupunguza makali ya VVU au chakula dawa cha utapiamlo asihamishwe kimyakimya. Aombewe barua ya uhamisho, ili asikose dawa hata siku moja. Na kadi ya kliniki ni moja tu, isifunguliwe ya pili. Kadi mbili ndizo zinazofanya mtoto achanjwe mara mbili huku, na kurukwa kule.

Limebaki jambo la nyumbani, nalo ni la akina baba hasa. Mara nyingi mtoto hacheleweshwi na foleni ya kituo bali na foleni ya ruhusa: nauli iko kwa baba, baba yuko shamba la mbali au mnadani, na mama anaogopa kuondoka kabla hajarudi. Kaeni leo, mtoto akiwa mzima, mkubaliane kwamba dalili zile nne na kifua kinachozama hazihitaji ruhusa ya mtu. Tengeni nauli kidogo mahali ambapo mama anaifikia, isiguswe kwa mbolea wala kwa sare za shule. Andikeni ukutani namba ya simu ya kijana wa bodaboda anayekubali kutoka usiku, na namba ya jirani atakayebaki na watoto wengine.